Picha za Ndani ya Nyumba: Nuru Ipitie Ukutani

Picha nyingi zinazopigwa usiku ndani ya nyumba huwa na kasoro ambayo kila mtu anaifahamu. Paji la uso na ncha ya pua hung'aa kana kwamba zimepakwa mafuta, mashavu huonekana bapa, macho huwa kama ya mtu aliyeshtuliwa, na ukutani nyuma ya kichwa hujichora kivuli cheusi chenye kingo kali. Mwenye picha akiletewa huitazama kidogo na kusema, "Huyu si mimi." Lawama hutupiwa kamera, au mpiga picha, na pengine hata sura ya mpigwaji. Aghalabu kamera haina kosa, wala sura haina kosa. Kosa ni la njia iliyopitiwa na nuru.

Taa ya flashi ikielekezwa moja kwa moja usoni, huifuta sura. Ikielekezwa darini au ukutani, nuru yake ikarudi na kumwangukia mtu kwa upole, sura hurejea. Hii ndiyo maarifa ambayo wapiga picha wa studio huanza nayo, nayo haihitaji mali nyingi. Shuka moja jeupe lililofuliwa vizuri latosha kuanzia.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini si dogo kwa familia zinazoishi mbali mbali. Machi 2007 askari wa kwanza wa Uganda walitua Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na katika miaka iliyofuata maelfu ya wenzao walikwenda huko kwa zamu. Kila aliyekwenda aliacha nyumbani mke, watoto au wazazi. Polisi naye huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya. Katika nyumba za namna hiyo picha iliyotundikwa sebuleni hushika nafasi ya mtu. Mtoto mchanga humjua baba yake kwanza kwa picha, na baba akiwa katika handaki humjua mtoto kwa picha. Basi ikiwa picha imeufanya uso wa baba kuwa doa jeupe lenye macho mawili, mtoto atamjua nani?

Wanaoishi Nakivale wanalielewa jambo hili zaidi ya wengine. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, sasa yamo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa barani Afrika. Wamekaa humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea na Waethiopia. Wengi walivuka mpaka bila kubeba hata picha moja ya waliowaacha. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika nchi za Maziwa Makuu. Mashirika ya misaada yaliwapiga picha maelfu yao, na picha zikabandikwa kwenye mbao kambini ili mzazi apite, atazame, amtambue wake. Katika kazi kama ile, uso unaoonekana barabara ulikuwa na thamani kuliko kitambulisho chochote.

KWA NINI FLASHI YA ANA KWA ANA HUHARIBU SURA

Ukubwa wa taa ndio unaoamua ugumu wa kivuli. Kioo cha flashi hakizidi upana wa vidole vichache. Nuru inayotoka katika kitu kidogo namna hiyo husafiri kama inatoka kwenye nukta moja. Kinachozuiwa huwa giza tupu, na kisichozuiwa huwa mwanga mtupu, bila chochote katikati. Kwa sababu hiyo kivuli huwa na kingo kama zilizokatwa kwa wembe.

Kosa la pili ni mahali ilipo taa. Flashi iliyo juu ya kamera hutazama uso kutoka pale pale inapotazama lenzi. Mashimo ya macho, ubavu wa pua, mfupa wa shavu na mstari wa taya, ambavyo mtu hujulikana kwavyo, hupokea nuru sawasawa, na umbo lote hupotea. Kisha jasho na mafuta ya ngozi hurudisha nuru hiyo moja kwa moja kwenye lenzi, ndipo paji la uso likawaka.

Kosa la tatu ni la umbali. Nuru ya taa hupungua haraka sana inapokwenda mbali. Umbali ukiwa mara mbili, nuru hubaki robo. Katika picha ya harusi, bibi aliyeketi mita 1.5 kutoka kwenye kamera hupata nuru mara nne kuliko wajukuu waliosimama mita 3. Bibi huwa mweupe kama karatasi, na wajukuu huwa katika giza.

Wapiga picha wa kale walihangaika na mambo haya kwa hatari kubwa zaidi. Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga mkali, na wengi waliungua mikono na nyusi kwa unga huo. Mwaka 1929 zilianza kuuzwa Ujerumani globu za kuwaka mara moja na kutupwa. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Marekani aliendeleza taa ya umeme inayowaka kwa muda mfupi mno na kurudia tena na tena. Flashi za leo ni wajukuu wa taa hiyo.

NURU MITHILI YA MPIRA

Mtoto akiurusha mpira ukutani kwa mshazari, hurudi kwa mshazari ule ule upande wa pili. Nuru hufuata kanuni hiyo hiyo. Tofauti yake ni kwamba ukuta uliopakwa chokaa hauirudishi nuru kwa mstari mmoja kama kioo, bali huitawanya. Kipande cha ukuta chenye upana wa mita moja au mbili kikipokea nuru ya flashi, kipande chote hugeuka kuwa taa. Taa iliyokuwa na upana wa vidole imekuwa na upana wa dirisha. Nuru sasa huzunguka shavu badala ya kuligonga, na kivuli hulegea taratibu kutoka mwangaza hadi giza.

Inafaa flashi iwe ya namna ambayo kichwa chake huinuka na kugeuka. Katika chumba chenye dari jeupe la urefu wa kawaida, kichwa cha flashi kiinuliwe hadi pembe ya nyuzi 60 au 75 hivi, kulingana na umbali wa mpigwaji. Doa la mwanga lataka kuangukia darini mbele kidogo ya mtu, wala si juu ya utosi wake. Likiangukia juu ya utosi, nuru hushuka wima, macho huingia gizani na chini ya pua huota masharubu ya kivuli. Tena ihakikishwe kwamba mpigwaji haoni kioo cha flashi kutoka pale alipo. Akikiona, ile nuru kali ya kwanza bado inamfikia, na kazi yote ni bure.

Ukuta wa pembeni aghalabu hushinda dari. Mpiga picha hugeuza kichwa cha flashi kuelekea ukuta wa kushoto au wa kulia, na nuru hurudi kama inayotoka dirishani. Upande mmoja wa uso huangaza, upande wa pili huwa na kivuli laini, na mtu huonekana kuwa na mwili. Upande wa kivuli ukizidi giza, mtu mmoja ashike kitambaa cheupe au karatasi kubwa upande huo, karibu na bega, ili nuru kidogo irudi tena.

Macho yasiyo na kimulimuli chochote huonekana kama yamelala. Dawa yake ni kipande cha kadi nyeupe, upana wa kiganja, kinachofungwa nyuma ya kichwa cha flashi kwa raba iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Flashi ikitazama juu, kadi huchukua sehemu ndogo ya nuru na kuipeleka mbele, ikatosha kutia nukta ya uhai katika jicho.

NYUMBA ISIYO NA DARI

Ushauri wa vitabu vingi huchukulia kwamba kila nyumba ina dari jeupe. Katika vijiji vya Nakivale, na katika nyumba nyingi kuzunguka Mbarara, mtu akitazama juu huona mabati na boriti. Mabati mapya hurudisha nuru vipande vipande kwa sababu ya migongo yake, na mabati yaliyoshika kutu au moshi wa jikoni huimeza. Kuta za udongo nazo hurudisha rangi yake. Nuru inayogonga udongo mwekundu hurudi nyekundu, na mtu huonekana kama ana homa. Ukuta wa kijani hufanya uso uwe wa mgonjwa, na wa buluu humtia mtu baridi asiyokuwa nayo. Nuru hurudi na rangi ya mahali ilipogonga.

Hapo ndipo shuka jeupe linapofanya kazi ya dari. Lifungwe kwa kamba kutoka boriti hadi boriti, au litundikwe ukutani kando ya mpigwaji, lisikunjamane sana. Shuka jepesi hupitisha nusu ya nuru, basi likunjwe mara mbili. Shuka lenye maua lisitumike, wala kanga ya rangi, kwa sababu ile ile ya ukuta wa kijani.

Katika makazi ya wakimbizi kuna kitu kingine kilicho bora zaidi ya shuka, nacho ni turubai jeupe la UNHCR. Turubai la kawaida la shirika hilo lina ukubwa wa mita 4 kwa 5. Ni jeupe pande zote mbili, na katikati lina nyuzi nyeusi zinazozuia mwanga kupenya. Kwa hiyo nuru haipotei nyuma yake. Turubai lililooshwa vumbi, likatundikwa ukutani, laweza kugeuza chumba cha udongo kuwa studio kwa jioni moja. Chombo kilichogawiwa ili kuzuia mvua hutumika tena kumpa mtu sura yake.

KOFIA NA VIFUNGO

Askari na polisi wana shida yao mahususi. Kofia yenye ukingo wa mbele huweka kivuli juu ya macho, na nuru inayoshuka kutoka darini huzidisha kivuli hicho. Afande aliyevaa kofia ya sherehe akipigwa picha kwa nuru ya dari, huonekana mdomo na kidevu tu. Kwa mtu kama huyo ukuta wa pembeni ndio unaofaa, tena sehemu ya ukuta iliyo sawa na kimo cha uso wake, ili nuru iingie chini ya ukingo wa kofia. Kidevu kiinuliwe kidogo, bila kuzidi.

Vifungo vya shaba, nishani na bamba la mkanda hung'aa mno kwa flashi ya ana kwa ana, hata maandishi yake yakapotea. Kwa nuru iliyotawanywa husomeka vizuri. Miwani nayo hurudisha mwanga. Mwenye miwani ageuze uso kidogo upande usio na nuru, au ainamishe miwani kwa kuinua mikono yake kidogo juu ya masikio.

Kwa picha za pasipoti na vitambulisho, ambazo hutakiwa zisiwe na kivuli usoni wala nyuma ya kichwa, mpigwaji aketi mbali na ukuta wa nyuma yake, angalau mita moja. Nuru ya dari au ya shuka ikitanguliwa na umbali huo, kivuli huanguka sakafuni na kupotea.

Ni wajibu kukumbusha pia kwamba picha hazipigwi kambini bila idhini ya mkuu wa kambi. Vilevile mgeni anayekwenda kupiga picha katika makazi ya wakimbizi huomba ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo husimamia mambo ya wakimbizi nchini Uganda, kisha humwomba ridhaa mwenye sura. Yupo aliyekimbia hatari, na picha yake ikisambaa ovyo yaweza kumrudishia hatari hiyo.

NGOZI NYEUSI NA UKUTA MWEUPE

Kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ambayo mafundi wa maabara waliiita Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa imetengemaa. Ngozi nyeusi haikuwamo katika kipimo hicho, na kwa hiyo nyuso za Waafrika zilitoka bila umbo, meno na macho tu yakionekana. Filamu na kamera za baadaye zimerekebishwa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo kipimo cha mwanga cha kamera bado kinaweza kudanganyika.

Kipimo hicho hudhani kwamba kila kinachoonekana kina wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe mpana, kamera huona weupe mwingi, hupunguza flashi, na uso hutoka gizani. Hapo fidia ya flashi iongezwe, kwa hatua moja hivi. Uso mweusi ukijaza picha nzima, mambo hugeuka: kamera huona weusi mwingi, huongeza flashi, na ngozi hutoka ya kijivu kama iliyopakwa majivu. Hapo ipunguzwe. Ngozi nyeusi haihitaji nuru kali, huhitaji nuru pana. Nuru pana ikitoka pembeni huteleza juu ya shavu na kuonyesha mng'ao wake wa asili, kama mng'ao wa mpingo uliosuguliwa.

Mbarara yenyewe ina urithi wa kazi kama hii. Musa Katuramu, mwalimu wa useremala, aliwapiga picha watu wa Ankole katika karne iliyopita, na negativu zake zilizohifadhiwa na familia zimechapishwa kwa juhudi za HIPUganda, kazi iliyoanzishwa mwaka 2011 na Rumanzi Canon na Andrea Stultiens. Watu waliopigwa na mwalimu huyo wametambuliwa na wajukuu wao. Kama nyuso zisingalionekana, negativu hizo zingalibaki plastiki tupu.

HESABU KIDOGO

Nuru inayopitia ukutani huchoka njiani. Kwanza husafiri mbali zaidi, kisha ukuta hunywa sehemu yake. Kwa kawaida hatua mbili za nuru hupotea, yaani hubaki robo. Chukua flashi yenye namba ya mwongozo 36, kwa mita na ISO 100. Ikiwa njia kutoka kwenye flashi hadi darini na kushuka usoni ni mita 4, gawa 36 kwa 4, jibu ni f/9. Toa hatua mbili zilizomezwa, utabaki na f/4.5. Kamera ikipandishwa hadi ISO 400, hatua mbili hurudi, na f/9 hupatikana tena. Mpiga picha akichagua f/5.6, flashi haitahitaji nguvu zake zote, betri zitadumu, na taa itakuwa tayari kwa picha ya pili upesi.

Kasi ya shata haibadilishi nuru ya flashi, kwa sababu flashi huwaka kwa muda mfupi kuliko shata. Kasi hiyo hubadilisha nuru ya chumba tu. Kasi ya 1/60 hadi 1/125 huacha mwanga wa taa ya chumbani uonekane nyuma kidogo, na nyumba isionekane kama pango.

Wanaomiliki flashi za zamani wachukue tahadhari. Baadhi yake hupeleka umeme wa zaidi ya volti 200 kwenye kiunganishi cha kamera. Kamera za filamu zenye shata ya mitambo zilistahimili, bali kamera za kisasa zaweza kuungua. Flashi ya namna hiyo ipimwe kwanza na fundi.

WASIO NA FLASHI

Familia nyingi sasa hupiga picha kwa simu. Taa ndogo ya simu haigeuki, na ikiwaka ana kwa ana huleta makosa yote yaliyotajwa. Basi izimwe. Mtu wa pili awashe tochi ya simu yake, aielekeze kwenye shuka jeupe lililo karibu sana na uso wa mpigwaji, umbali wa mkono mmoja. Simu inayopiga iegemezwe juu ya meza au mgongo wa kiti, na mpigwaji atulie kama anayesikiliza habari redioni. Mchana ni rahisi zaidi: mtu aketi kando ya mlango au dirisha lisilopigwa na jua, na shuka litundikwe upande wa pili.

Kazi ikishakwisha, picha bora ichapishwe kwenye karatasi. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa. Nyuma ya karatasi yaandikwe kwa kalamu ya risasi majina kamili ya waliomo, mahali na tarehe, kisha nakala moja ikae nyumbani na nyingine iende na msafiri, imefungwa katika nailoni isiyopitisha maji. Wakati wa kuyafanya haya ni sasa, wakiwa wote wamo ndani ya nyumba. Amri ya safari haingoji shuka likauke.